Muthara: Watu wa mlima wanaokumbuka kisiwa

Ukitaka kujua kama umefika Muthara, ndugu msomaji, usihangaike kutafuta kibao cha jina. Sikiliza honi. Mchana jua likianza kuinama, magari ya miraa hutoka pale kwa kasi ya kutisha, na mwenye akili huvuta mtoto wake kutoka kando ya barabara hadi ukumbini mwa duka. Miraa haingoji mtu. Ikipita siku mbili baada ya kuchumwa, utamu na nguvu zake huanza kwisha, na mwenye mzigo hubaki na majani ya kulishia mbuzi.

Sisi hatukwenda kununua miraa, ingawa kama utakavyoona, miraa ndiyo iliyotuaibisha. Tulikwenda kuposa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amempata mchumba huko Nairobi walikosomea chuo kimoja, na msichana huyo kwao ni Muthara, katika Tigania Mashariki, kaunti ya Meru. Basi tukajikusanya watu saba: kaka yangu na mkewe, mjomba wetu mzee aliyetoka Rabai kwa basi la usiku, shangazi mmoja asiyekubali kuachwa nyuma popote, bwana harusi mtarajiwa mwenyewe, binti yangu aliye sekondari, na mimi. Kwetu ni Pwani. Wengi wetu mlima tuliujua kwa picha.

Kutoka Nairobi hadi mji wa Meru ni zaidi ya kilomita 200 ukipitia Embu, na ukishaipita Embu barabara hugeuka nyoka. Hupanda na kushuka, kila bonde na mto wake unaotoka Mlima Kenya, na kila mto na daraja lake. Kwenye daraja la Nithi, dereva wetu alipunguza mwendo na gari zima likanyamaza. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Shangazi alisali kwa sauti mpaka tulipofika ng'ambo, halafu akaomba ndizi.

Baada ya Nkubu unavuka mstari wa ikweta, na punde unaingia Meru mjini. Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Tuliambiwa kwamba mposaji hawezi kubisha hodi nyumba ya Mmeru bila miraa, basi kaka yangu akashuka sokoni akanunua fungu kubwa, zuri la kupendeza, likafungwa kwenye karatasi ya nailoni. Tukaona tumemaliza kazi.

Toka Meru kwenda Maua, mkono wako wa kulia kuna vilima vya Nyambene, vya kijani kibichi na mara nyingi vimejifunika ukungu. Mkono wa kushoto ardhi inateremka, inateremka, mpaka inakuwa tambarare kavu ya rangi ya kahawia inayokwenda Isiolo na kaskazini kwa wafugaji. Ni kama mtu aliyechora mstari: huku mvua, kule jua. Muthara iko upande wa mvua lakini inatazama jua, na labda ndiyo sababu soko lake lina kila kitu. Kina mama wameketi na viazi, ndizi, maharagwe, nyanya na vibuyu, na kando yao vyondo vilivyosukwa kwa mkono, ambavyo bei yake hupanda ghafla mwenye lafudhi ya Pwani anapouliza.

Mlangoni kwa wakwe tulipokelewa kwa salamu ya 'Muuga!' na vicheko vingi. Kisha mzee mmoja akaiona ile nailoni mkononi mwa kaka yangu. Kicheko kikakatika. Alituuliza kwa upole kama tulikuwa tumekuja kuuza au kununua.

Hapo tukafundishwa. Miraa ya kutafuna njiani ni kitu kimoja, na miraa ya kuposea ni kitu kingine kabisa. Hii ya pili wao huiita nchoolo. Ni fungu la heshima, lililochaguliwa kijiti kwa kijiti, likafungwa kwa majani ya mgomba na kamba za mgomba. Wazee wa upande wa msichana wakilipokea na kulifungua, mazungumzo yanaweza kuanza. Wasipolipokea, geuza gari. Kuleta posa ndani ya nailoni, alisema yule mzee, ni kama sisi watu wa Pwani tuletewe pilau ndani ya debe la mafuta taa.

Kwa bahati yetu, babu wa msichana alikuwa mtu wa huruma. Akaagiza tukae chini ya mwembe, nje ya boma, tusihesabiwe kuwa tumefika. Akamwita jirani yake, mzee aliyejua kufunga nchoolo, aje aifunge upya kwa niaba yetu, na sisi tulipe gharama. 'Mtakuwa mmefika saa ile nitakapowaona,' alisema, akageuka akatazama upande mwingine. Tukakaa chini ya mwembe kwa saa mbili na nusu bila kuonekana.

Sijutii saa hizo, maana ndizo zilizonifunza Muthara.

Kwanza aliletwa mchumaji. Mti wa miraa wa asili katika Nyambene si kichaka. Ni mti hasa, shina limepindapinda na kujaa mafundo kama vidole vya mkongwe, na mingine ilipandwa na watu ambao wajukuu zao sasa ni wazee. Baba humrithisha mwanawe miti kama anavyomrithisha ng'ombe, na kuukata mti wa miraa ni jambo la kuogopwa. Miti ile mikongwe zaidi huitwa mbaine, jina la rika la zamani lililoipanda, na miraa yake huheshimiwa kuliko nyingine. Matawi yake hayavumilii mtu mzito. Kwa hiyo aliyepanda alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, mwembamba, miguu peku, aliyekwenda juu kama kima na kuanza kuvunja vichipukizi kwa kucha mbili, haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu. Binti yangu, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka mitatu, alimtazama akiwa ameachama.

Yule mzee fundi akaketi kwenye gogo. Alipanga vijiti kwa urefu, akitupa kila kilichopinda na kila chenye jani lililotobolewa na mdudu. Ncha nyekundu zote ziliangalia upande mmoja. Akatoa uzi kwenye gome kavu la mgomba kwa kulichana na meno, akafunga vifungu vidogo, kisha akavikusanya vyote na kuvizungushia jani bichi la mgomba alilolipitisha kwanza juu ya moto ili lisipasuke. Vijana wa mjini huiita miraa 'gomba', na wengi hawajui kwamba jina hilo limetoka kwenye hilo jani la mgomba. Sokoni wana hesabu yao: zurba kumi hufanya bunda, na bunda ndilo wanaloliita kilo ingawa halipimwi kwa mizani yoyote. Lakini nchoolo haina hesabu ya sokoni. Ilipomalizika ilikuwa imekaza kama ngoma, na sikuweza kuona mahali fundo lilipofichwa.

Zamani, fundi alituambia, kijana hangethubutu kutafuna miraa mbele ya watu. Ilikuwa ya wazee, ya baraza, ya kupokea mgeni na kukesha kwa shauri zito. Alisema hayo huku akimtazama yule mvulana juu ya mti, ambaye shavu lake moja lilikuwa limevimba.

Shangazi akamuuliza mvulana, alipotua, yuko darasa gani. Akajibu kwamba aliacha. Anachuma asubuhi, anachuma jioni, na kwa siku moja hupata fedha ambazo mwalimu hawezi kumwonyesha kwa mwezi mzima wa hesabu. Hakuwa na aibu hata kidogo. Mkewe kaka yangu, ambaye ni mwalimu, alifungua kinywa, akakifunga. Nimeona mara nyingi kwenye magazeti habari za watoto wa Nyambene wanaoacha shule kwa ajili ya miraa, lakini ni jambo jingine kusimama mbele ya mmoja wao anayekutabasamia na kukuuliza simu yako ni ya bei gani.

Wala usidhani fedha hizo ni za hakika. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014, na soko zima la Ulaya likafungwa. Somalia ilizuia ndege za miraa kutoka Kenya Machi 2020 na haikuziruhusu tena mpaka Julai 2022. Kila mara mlango kama huo unapofungwa, bei Muthara huanguka siku iyo hiyo, na mvulana wa miaka kumi na mitatu hana cheti cha kukimbilia.

Kisiwa cha Mbwaa

Nchoolo ikawa tayari. Babu akageuka, akatuona, akastaajabu kwamba tumefika. Tukaingizwa ndani, nchoolo ikapokelewa, ikafunguliwa, na baba mkwe akatafuna kijiti cha kwanza kwa niaba ya ukoo. Sote tukapumua. Ndipo babu akauliza swali ambalo hatukulitarajia.

'Nyinyi mnatoka baharini. Je, nyinyi ndio Nguo Ntune?'

Nguo ntune, kwa Kimeru, ni nguo nyekundu. Nguo ni nguo, kama kwetu. Watu wa ukoo wakacheka, sisi tukacheka kwa adabu bila kujua tunacheka nini. Basi mzee akatueleza, na kwa kuwa binti yangu alikuwa na daftari, naweza kukuandikia hapa karibu kama ilivyosimuliwa.

Wameru, tangu Igembe na Tigania mpaka Imenti na Tharaka, wanasema kwamba hawakutokea mlimani. Walitoka kisiwani. Kisiwa hicho kinaitwa Mbwaa, au Mbwa, kilikuwa baharini upande wa mashariki, na huko walitawaliwa na watu wakali waliovaa nguo nyekundu. Nguo Ntune waliwafanyisha kazi za utumwa, na walipotaka kuwamaliza wakawapa mitihani. Leteni ndara yenye manyoya juu na manyoya chini. Wazee wakafikiri, wakachinja fahali, wakachukua ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakamgandishia mbwa pembe ndogo za paa. Toeni tunda lililotumbukia ndani ya shimo refu bila kutumia mkono wala fimbo. Wakamimina maji mpaka tunda likaelea. Mwishowe wakaambiwa: tengenezeni mkuki utakaofika mbinguni. Hapo akili zikagota. Wakaomba muda wa kwenda kuufua, na usiku wakakimbia.

Walipofika kwenye maji, kiongozi wao aliyapiga kwa fimbo, yakagawanyika. Waliovuka usiku ndio koo nyeusi, waliovuka alfajiri mbingu zikiwa nyekundu ndio koo nyekundu, na waliovuka jua likiwa juu ndio koo nyeupe. Mpaka leo Mmeru anayejua ukoo wake atakuambia yeye ni wa kundi lipi kati ya hayo matatu.

'Sasa,' alisema babu akimtazama bwana harusi, 'kabla sijakupa mjukuu wangu, wewe mtu wa baharini, utaniletea ndara yenye manyoya juu na chini.'

Msomaji, nilidhani ni mzaha. Nusu yake ulikuwa mzaha.

Habari hii imewashughulisha wasomi kwa muda mrefu. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata aliandika kitabu chake kuhusu Mugwe mwaka 1959. Mugwe alikuwa kiongozi mtakatifu wa Wameru, mrithi wa yule aliyeyapiga maji, na kwa Waimenti mkono wake wa kushoto ndio uliobariki, hivi kwamba haukupaswa kuonekana ovyo. Baadaye Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wengi wa Meru, alichapisha kitabu mwaka 1993. Kuna watafiti, naye miongoni mwao, waliokielekezea kidole kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Wengine hawakubali, nao huitafuta Mbwaa mbali zaidi kaskazini. Wengine tena husema kisa kinafanana mno na kile cha Musa na Wana wa Israeli, na kwamba huenda Biblia imekitia chumvi.

Mimi si mwanahistoria, lakini Manda nimefika. Mlango wa bahari unaoitwa Mkanda, kati ya kisiwa hicho na bara, hupungukiwa maji sana bahari inapokupwa. Mashua husubiri maji yajae ndiyo zipite, na tembo walikuwa wakivuka kwa miguu kuingia kisiwani. Mtu aliyekulia baharini hahitaji muujiza kuelewa jinsi watu wanavyoweza kuvuka usiku, na wengine alfajiri, na waliochelewa mchana. Anahitaji tu kujua saa za maji. Lakini mjukuu wa mjukuu wake, aliyezaliwa mlimani na hajawahi kuona maji yakipwa, atalielezaje jambo hilo isipokuwa kwa fimbo?

Nilisema hivyo mbele ya wazee, na ikawa kimya kidogo. Kisha babu akasema polepole kwamba hakuwahi kusikia kwamba bahari huondoka na kurudi. Akataka aelezwe tena, mara ngapi kwa siku, na nani huiambia. Bwana harusi akamweleza habari za mwezi, na nadhani hapo ndipo alipompata mkewe hasa.

Mjomba naye hakutaka kupitwa. Akasema, na sisi tulikimbia. Warabai, Wagiriama na wenzetu wote wa Mijikenda tunasimulia kwamba tulitoka Shungwaya, kaskazini mwa Pwani, tukifukuzwa na Wagalla, tukashuka mpaka tukajenga makaya yetu ndani ya misitu. Makaya hayo, ambayo kumi na moja kati yake shirika la UNESCO limeyaandika kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, bado yana wazee wake na miiko yake. 'Basi sisi ni wakimbizi kama nyinyi,' alisema mjomba. 'Hatukuvaa nyekundu. Nguo Ntune walikuwa Wareno!'

Hilo ni la mjomba, nami silibebi. Wapo waliowataja Waarabu, na wapo waliowataja watu wa miji ya Pwani yenyewe. Lakini mjomba alikuwa amekulia Mombasa, ambacho kwa miaka zaidi ya mia moja kilikuwa kisiwa cha Wareno. Ngome ya Yesu waliianza kuijenga mwaka 1593 na wakaipoteza kwa Waomani 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Waliondoka, lakini walituachia maneno. Meza tunayolia, bendera tunayoipigia saluti, gereza tunaloliogopa, karata, mvinyo. Na hapohapo, kama kwa mpango, mkewe kaka yangu akafungua mkoba na kuwatolea kina mama wa nyumba ile zawadi tulizowaletea kutoka Mombasa: leso kumi na mbili. Leso nalo ni neno la Wareno. Kina mama wakazipokea kwa vigelegele, wakajifunga palepale, na wengi zilikuwa nyekundu. Kicheko kilichofuata sijakisikia mfano wake.

Sherehe na baraza

Wakati nyama ikiiva, niliuliza kuhusu sikukuu zao. Nilitazamia nitajiwe ngoma na tarehe. Niliambiwa kwamba sikukuu kubwa ya Mmeru si siku katika kalenda, ni mtoto kuwa mtu mzima. Jando bado ni jambo zito Tigania. Likizo za Agosti na Desemba zikifika, wavulana hutahiriwa, siku hizi wengi kwa mkono wa daktari, kisha hukaa faraghani kwa majuma kadhaa wakiwa na mlezi wa kuwafunza. Siku wanayotoka, kijiji hakilali. Makanisa mengi nayo sasa huandaa jando lake, na wazee wananung'unika kwamba mafunzo yamekuwa ya kitabu, lakini wanapeleka wajukuu wao.

Zamani waliotahiriwa pamoja walikuwa rika moja maisha yote, wakipanda ngazi pamoja kutoka ushujaa hadi uzee. Majina kama Miriti, Gwantai na Gichunge, ambayo leo unayaona kwenye vitambulisho, yalikuwa majina ya rika. Kulikuwa na sherehe ya kukabidhiana madaraka, ntuiko, ambapo kizazi kizima kilishuka na kingine kikapanda. Kaka yangu alisema kwamba hiyo ndiyo sherehe ambayo nchi yetu ingeihitaji zaidi, na akaambiwa ale kwanza.

Juu ya yote liko baraza la Njuri Ncheke, ambalo nyumba yake iko Nchiru, kwenye barabara hiyohiyo tuliyopitia, si mbali na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wakoloni walilikuta, na baada ya kulitilia shaka wakaamua kulitumia. Leo bado linaamua kesi za mashamba na ugomvi wa koo, na mwanasiasa anayetaka kura za Meru hujipitisha hapo kwanza.

Si kila amri yake ilitiiwa. Mwaka 1956 Njuri ilipiga marufuku tohara ya wasichana, kwa kusukumwa na serikali ya kikoloni. Wasichana wengi walikwenda vichakani wakakatana wenyewe kwa wembe, wakajulikana kwa jina la Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi karibu na shangazi alisikia tukizungumza jambo hilo. Hakusema alikuwa mmoja wao. Alisema tu kwamba mjukuu wake, huyu tuliyekuja kumposa, hakuguswa, na kwamba sheria ya 2011 imekuta nyumba hii imekwisha kuacha. Kisha akamtaka shangazi asogeze sahani.

Vitu vya mikono yao utaviona vizuri zaidi, kwa mwenye watoto, katika Makumbusho ya Meru mjini, ndani ya nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya na iliyogeuzwa makumbusho 1974. Kuna boma la Kimeru lililojengwa uani. Lakini ningekushauri ushuke hadi nyumba za watu pia. Nyuma ya jiko la wakwe zetu ulining'inia mzinga wa nyuki, gogo lililochimbwa ndani na kuzibwa ncha zote mbili. Mzinga huo haukuwa wa maonyesho. Babu alikuwa amekwisha kuupigia hesabu katika mahari.

Maana hatimaye tulifika huko. Mahari ya desturi ni ndogo kuliko watu wa mjini wanavyodhani: mori, fahali, kondoo jike wanayemwita mwati, kondoo dume, na asali. Yapo mengine yanayoongezwa siku hizi, matangi ya maji na mablanketi na bahasha, na hayo tuliyajadili mpaka giza likaingia. Lakini babu alikuwa thabiti katika yale matano. Bila mwati, alisema, hata ukileta magari mawili, hujaoa. Na asali iwe ya mzinga, isiwe ya chupa ya dukani. Alikuwa ameiona ile nailoni yetu na alijua watu wa aina gani anashughulika nao.

Saa tatu usiku tukaaga. Nilipotoka nje nilimkuta yule mvulana mchumaji ameketi kwenye kibaraza, karibu na dirisha. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo. Alimwuliza binti yangu kama kweli ile hadithi ya Mbwaa imo ndani ya daftari, na kama anaweza kuiona. Binti yangu akamfungulia ukurasa. Mvulana akauweka karibu na taa, akafuata mistari kwa kidole kilichopakazwa utomvu mweusi wa miraa, akisoma polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye mbwa mwenye pembe akacheka. Alisema babu yake mwenyewe alifariki bila kumsimulia. Binti yangu alikata kurasa zile nne akampa. Kwa hiyo, msomaji, ukiona nimekosea mahali katika kisa hiki, ujue nimekiandika kutoka kichwani.

Mkewe kaka yangu alizungumza na mama mkwe usiku ule kuhusu mvulana huyo, na wamezungumza mara mbili kwa simu tangu hapo. Kuna shule ya msingi karibu, na mwalimu mkuu yuko tayari kumrudisha. Mvulana amesema atafikiri bei ikishuka.

Kuhusu ndara, kaka yangu alikwenda Kariokor, Nairobi, kwa mafundi wa ngozi. Wa kwanza alimfukuza akidhani ni mlevi. Wa pili, mzee, alimsikiliza, akaenda mwenyewe machinjioni, na baada ya juma moja akatoa jozi ya makubadhi yenye manyoya meusi na meupe juu na chini, ya kutisha kidogo, ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyavaa. Yamekaa sasa juu ya kabati la kaka yangu yakingoja Desemba. Mori amepatikana, fahali na kondoo pia. Tunatafuta asali.